Kambi Iliyohamishwa

Simu ilitoka Bukundi, kwa Mhoja, dereva wa pikipiki anayewajua ndugu zangu. Mama amefariki kule ufukweni mwa Ziwa Eyasi, wameshazika. Nikashukuru, nikaendelea kuanika nepi.

Mama alikuwa Mhadzabe. Baba, Msukuma, alinipeleka Bariadi nikiwa mdogo nikasome. Mwanangu alikuwa bado anaitwa Mtoto tu, kwa sababu niliahidi jina litatoka kwa mama. Sasa sikujua nitalitoa wapi.

Mama mkwe wangu, Esteria, anajua msiba unavyotakiwa. Alifunga unga, maharage, turubai na sufuria kubwa.

"Msibani hatuendi mikono mitupu, mkamwana."

"Ndiyo, mayu."

Basi likatufikisha Bukundi, Mhoja na mwenzake wakatupakia mpaka kambini. Palikuwa patupu. Majivu, maganda ya ubuyu, na kibanda cha nyasi cha mama kimelazwa chini.

Esteria alisimama na sufuria kichwani. "Sasa msiba uko wapi?"

Mimi nilijua. Wahadzabe wakifiwa wanahama, hawakai matanga. Nilijua tangu utotoni, ila nimekaa sana kwa watu wa turubai na sufuria, hata sikukumbuka kusema. Mtoto alilia njaa. Nikakaa chini nikamnyonyesha, nikikitazama kile kibanda kama ninavyotazama ukuta wa jirani.

Mhoja alituonyesha moshi ng'ambo ya korongo. Huko tulimkuta mjomba Kasmiri, kaka wa mama, ananyoosha mshale kwa meno. Alilitazama turubai.

"Mnahamia kwetu?"

"Tumekuja kukaa msiba," alisema Esteria.

"Mmechelewa. Pale tumemwacha apumzike. Ila unga haujachelewa."

Wanawake wakaupokea wakiongea ya kwao. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini silii.

Nikamwambia mjomba, "Nilifuata jina la mtoto. Mama ndiye angelitoa."

"Alishalitoa. Kila akienda kuchimba mizizi alikuwa anatuchosha nalo."

Akampakata mtoto, akalitamka, na ule mlio wa ulimi wa Kihadzabe katikati. Mtoto akaacha kuhangaika, akaangalia mdomo wa mjomba. Esteria naye akajaribu. Likamkwama. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Chekeni tu," alisema Esteria, akitua sufuria. "Mjomba, sema tena, taratibu. Mjukuu wangu siwezi kumwita Mtoto mpaka anaolewa."

Mjomba akarudia. Esteria akajaribu tena, safari hii likatoka nusu.

"Inatosha kwa leo," mjomba alisema. "Kesho mtamalizia."

Kwa hiyo tungelala pale. Esteria akaanza kutafuta mafiga.

Nikamchukua mwanangu, nikalitaja. Ulimi ulikumbuka wenyewe, ingawa kifuani bado palikuwa kimya. Mtoto akageuka kunitazama. Nikalitaja tena.