Balbu ya Mzee Fyuzi

Tangu saa tatu asubuhi Mzee Fyuzi alikuwa amebanwa na haja ndogo, na sasa ilikuwa saa sita kasoro. Choo kilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale alipokaa. Hakuinuka. Alibana mapaja, mkono wa kulia ukabaki palepale juu ya swichi kuu, na macho hayakubanduka kwenye balbu ndogo iliyoning'inia ukutani.

Balbu ilikuwa haiwaki. Kazi ya Mzee Fyuzi ilikuwa kuomba iendelee hivyo, na siku ikiwaka, azime swichi kabla Mama Mashuka hajafa.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine ya kufulia ya hospitali, dude la chuma kubwa kama kabati la nguo. Mota yake ilikuwa imechoka siku nyingi. Ikilowa, umeme ulivuja ukasambaa kwenye bati lote, na mbele ya bati hilo ndipo aliposimama Mama Mashuka, dobi wa hospitali, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Hata kuzima kwanza halafu ndipo atoe nguo hakukuwezekana: mlango wa mashine ile ulifunguka kwa umeme, na ukizima, unajifunga na mashuka yote ndani.

Waya wa ethi, ule wa kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, ulikuwepo. Waya mzuri, wa kijani na njano, umetoka kwenye mashine ukaingia ukutani kwa adabu zote. Miaka kumi na moja iliyopita, baada ya mkandarasi kukarabati jengo na wakubwa kupigwa picha mbele yake, Mzee Fyuzi alibomoa plasta kidogo akaufuata. Ulikuwa na urefu wa kiganja. Uliishia humohumo ukutani, haujafungwa popote, kama mkia wa mjusi uliokatika.

Alipotoa taarifa, aliambiwa kazi imeshapokelewa na kusainiwa, na kwamba fundi asitafute makuu. Kikabaki kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja. Hicho kilifanya kazi vizuri mno. Kilikata mara tano, mara sita kwa siku, mashuka yakachelewa, ikatoka amri king'olewe. Wiki ileile alitumwa akakifunge nyumbani kwa mkurugenzi, kilinde hita ya bafuni. Mke wa mkurugenzi alimpa soda na kumshukuru kwa dhati.

Ndipo alipofunga balbu. Umeme ukifika kwenye bati, balbu inawaka. Yeye anazima, mota inakaushwa, kazi inaendelea. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, siku za kufua. Wauguzi waliompita wakamkuta amekaa kitini tu ndio waliombandika jina. "Mzee Fyuzi, utaota mizizi hapo! Mshahara wa kukaa ni mtamu, eh?" Alicheka nao. Alishajaribu kuwaeleza, akaona macho yao yanatafuta saa.

Kelele za mashine hazikuruhusu maneno, kwa hiyo yeye na Mama Mashuka walikuwa na lugha yao. Ngoma ya mashine ikisimama, dobi aligonga bati mara moja kwa mwiko wa mbao: nitie mkono? Mzee Fyuzi alitazama balbu, kisha akagonga bomba lililopita ukutani mara mbili kwa bisibisi: tia. Tangu mke wake afariki, hakuna mtu aliyezungumza naye mara nyingi kuliko hivyo. Chumbani kwake jioni hakugonga mtu.

Dada yake alizikwa siku ya Jumatatu. Binti yake alimpigia simu tangu alfajiri.

"Baba, watu wote wamefika. Umebaki wewe tu."

"Siwezi kutoka, mwanangu. Wanafua leo."

"Wewe ndiye unayefua?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini huko?"

"Nakaa," alisema. Binti yake alikata simu, na tangu hapo alipiga sikukuu kwa sikukuu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kustaafu, aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Mkurugenzi, mtu wa umri wa kifungua mimba wake, alikuwa na fomu ya makabidhiano mbele yake na kalamu nyekundu mkononi. Hakumpa kiti.

"Mzee, hapa kwenye mashine ya kufulia umeandika 'ni hatari kwa maisha'. Hatari gani?"

"Umeme unavuja, mkurugenzi. Ethi haijafika ardhini. Niliandika barua, mara nne."

"Miaka mingapi sasa?"

"Kumi na moja."

"Amekufa mtu?"

"Hapana."

"Ameungua? Amelazwa? Hata kupigwa shoti tukaandika kwenye kitabu?"

"Hapana, kwa sababu mimi nakaa pale na…"

"Basi." Mkurugenzi alichora mstari mwekundu, taratibu, kwa rula. "Miaka kumi na moja haina tukio hata moja. Mimi nikamwambie nani kwamba mashine mbovu? Watauliza nani alisaini ukarabati ule. Unataka hayo uzeeni?"

Mzee Fyuzi alitazama mstari. Aliona, kama mtu anayeona kitu kilichokuwa mezani muda wote, kwamba kila siku aliyomwokoa Mama Mashuka alikuwa akiandika ushahidi kwamba hakuna wa kuokolewa.

"Atakayekuja baada yangu, mkurugenzi, akae pale siku za kufua. Akae tu."

"Hakuna anayekuja. Nafasi yako imefutwa. Kazi yenyewe watu wanasema ni ya kukaa." Akamsogezea fomu. "Andika 'hali nzuri', weka sahihi. Bila hii faili lako la mafao halitoki kwenye kabati lile. Na ile balbu yako iondoe. Wakaguzi wa bima wanakuja, sitaki waya usio rasmi kwenye jengo langu."

Aliandika. Mwandiko wake siku zote ulikuwa mzuri, na hata siku hiyo haukutetereka. Jambo hilo lilimuumiza kuliko yote.

Mama Mashuka alimkuta juu ya ngazi, anaifungua balbu.

"Sasa mimi nitamgongea nani?"

"Vaa gambuti. Simama juu ya kibao kikavu. Mlango ushike kwa mkono mmoja."

"Shuka la maji ulitoe kwa mkono mmoja! Wewe umewahi kulitoa?" Alicheka, kisha akaacha. "Mzee wangu, umewaambia lakini?"

"Nimewaambia."

Kuhusu sahihi hakumwambia. Alitia balbu mfukoni akaagana naye kwa kumshika mkono, mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo. Ulikuwa mkono wa maji, umekunjamana vidole.

Jumatatu aliamka saa ile ile, akavaa, akafika getini. Mlinzi aliyezoea kumtania alimwambia kwa upole kwamba kitambulisho chake kimefutwa. "Nenda kapumzike, mzee. Umeponyoka wewe." Mzee Fyuzi akazunguka nje, akafuata ukuta mpaka ulipo mtaro wa maji ya sabuni. Pale juu palikuwa na matundu ya hewa ya chumba cha kufulia. Alisimama chini yake na balbu mfukoni.

Mashine ilikuwa inanguruma. Ikapunguza mwendo, ikasimama. Ndani sauti ya msimamizi ilisikika, "Chumba cha upasuaji wanasubiri mashuka! Unangoja nini?"

Kisha likaja pigo moja la mwiko kwenye bati.

Aliita, "Usiguse kwanza! Mama Mashuka!" Lori likapita barabarani, likameza jina. Lilipotoweka palikuwa kimya, na pigo likaja tena, moja tu, la mtu anayejua hakuna wa kumjibu na bado anauliza.

Mzee Fyuzi aliinama akaokota jiwe. Karibu na kichwa chake bomba lilitokeza ukutani, lile lile ambalo upande wa ndani alilipiga kwa bisibisi. Aliinua jiwe likakaribia chuma. Mapigo mawili yalikuwa na maana moja tu, tia, na ya kukataza hawakuwahi kuyahitaji.

"We mama! Toa mashuka hayo!"

Mwiko uligonga mara ya tatu.