Kichupa Kilichoganda

"Hii umeigandisha," mfamasia alisema, akikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ndani ilikuwa jiwe la barafu.

"Ndiyo, dada," akajibu fundi friji, kifua mbele. "Mlisema ikae kwenye baridi. Baridi ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na sita huu. Mbona haifanyi kazi?"

Mfamasia akamwita mwenzake aje ajionee. Walijaribu kujizuia, lakini wapi! Watu wazima wawili, makoti meupe, wakacheka mpaka machozi mbele ya mwanamume aliyeleta dawa ya nguvu za kiume ndani ya chupa ya chai.

"Baridi, mzee, siyo barafu! Ikiganda imeharibika. Zote uliziweka hivi?"

"Zote."

"Basi miezi mitatu umejidunga maji tu."

Maskini, na dawa yenyewe aliielewa vizuri. Siku ya kwanza walimweleza kwamba ubongo ndio unaotuma habari kwenye korodani zitengeneze homoni, na wake ulikuwa umeacha kutuma; sindano ingeukumbusha. Akawaza palepale: mota nzima, gesi ipo, ila themostati, ile inayoiamuru mota iwake, imekaa kimya. Friji ngapi amezifufua za namna hiyo! Basi kila jioni alijifungia karakanani, akakiyeyusha kichupa kiganjani, akajidunga chini ya kitovu, kisha akakirudisha kwenye friji yake bora, kitufe kimezungushwa hadi mwisho. Hadi mwisho, jamani! Mtu mwingine yeyote angekiweka karibu na maziwa, kikapona.

Mkewe alikuwa amempa miezi hiyo mitatu apone, baada ya miaka miwili ya kulala kama ndugu. Leo ndiyo ilikuwa inaisha. Alipofika nyumbani alikuta gari la mizigo mlangoni, na wapagazi wawili wanatoa kabati.

"Dawa iliganda," akamwambia mkewe. "Kosa ni langu. Nikipata nyingine..."

"Iliganda?" Mkewe aliacha kukunja nguo. "Wewe si ulisema unaanza kusikia kitu?"

Fundi aliangalia viatu vyake. "Sikusikia kitu. Nilitaka ufurahi."

"Nifurahi! Siku ile nilinunua shuka mpya. Nikaoga mara mbili. Nikakungoja kama bibi harusi, ukanigeuzia mgongo ukakoroma. Nikasema basi, mwili wake umeamka, ila mimi ndiye sitamaniki tena. Mwezi mzima najikagua kwenye kioo kama mgonjwa."

"Siyo wewe, mama watoto. Haki ya Mungu, siyo wewe."

"Leo ndiyo unaniambia!"

Fundi aliona aibu kuliko pale dukani kwa mfamasia. Alitamani apigwe kofi, lakini mkewe alirudi kwenye nguo zake, akazikunja moja moja, taratibu.

"Friji naichukua, nilikuja nayo," akasema bila kugeuka. "Tangu jana imenyamaza. Iangalie kabla hawajaibeba."

Fundi akachuchumaa. Ulikuwa waya mmoja tu wa themostati, umeachia. Akaukaza, akazungusha kitufe, akakiacha katikati. Mota ikashtuka, ikaanza kunguruma. Akaweka kiganja nyuma yake, na baada ya muda pakaanza kupata joto.

"Imepona?" mkewe akauliza kutoka chumbani.

Kiganja kilibaki palepale. Wapagazi walikuwa wameshaishika pande zote mbili, wakawa wanamngoja aondoe mkono.