Gari la Mke Mkubwa

Mama Jeni alikuwa ameshasema, na Mama Jeni akishasema hata mbwa wa jirani anakaa chini. Viazi vya mbegu vinavunwa mwisho wa mwezi, magunia arobaini, na yote lazima yalale bandani. Bandani alishalala mwingine: Valdoria, gari la Ulaya.

"Joackim," alimwambia mumewe, "chagua. Gunia au gari."

Joackim ni mjomba wangu, mdogo wake mama, na hilo gari ndilo kitu pekee ambacho namjua analia kwa ajili yake. Refu, rangi ya maziwa, viti vya ngozi, na puani lina ndege wa fedha mwenye shingo ndefu, kwa hiyo Makambako nzima wanaliita Korongo. Alilinunua kwa meneja mmoja wa chai aliyekuwa anarudi kwao. Kwa miaka kumi na mbili hakuna bibi harusi wa maana hapa mjini ambaye hakupanda Korongo. Ilifika mahali watu wanapanga tarehe ya ndoa na Mjomba kwanza, halafu ndiyo wanakwenda kwa padri.

Kisha yakaja magari marefu ya juu, meusi, matairi kama ya trekta. Maharusi wakahama. Korongo liko chini mno bwana, kila tuta linaguna kama mzee anayeamshwa. Msimu uliopita lilitoka mara moja tu, tena aliyekodi alikuwa amechelewa kupata lingine.

Nikampa Mjomba habari kwamba hata huko Ulaya kiwanda chenyewe kinayumba. Nilisoma kwenye simu. Wamemng'oa ndege puani, wameweka duara, na sasa wanatengeneza magari ya juu ya kuwafurahisha vijana.

"Wamemtoa korongo?" akauliza.

"Wamemtoa."

Akaenda kumfuta ndege wake kwa kitambaa. "Basi nimebaki peke yangu."

Mnunuzi alishapatikana. Emanuel wa Igwachanya, fundi wa mashine za kupasulia mbao, alitaka injini tu, bodi liende kwa watu wa vyuma chakavu. Wakapatana: Jumatatu anakuja na spana.

Mimi nilisoma masoko chuo kikuu mwaka mmoja na nusu. Iliyobaki msiniulize. Ila nilikaa darasani vya kutosha kujua kwamba bidhaa ikikataliwa hapa, unaitafutia pa kukaa pengine. Tatizo, Mjomba hakutaka kusikia ushauri wangu, na kosa ni langu. Mwezi wa pili nilimpigia simu kwa sauti ya puani, nikajifanya mkurugenzi wa kiwanda cha Valdoria, nakuja kulipiga picha gari lake. Maskini akaliosha, akavaa suti ya kijivu, akakaa getini masaa matatu. Nilipotokea mimi na kisimu changu alinirushia sabuni, na ndoo ikafuata. Tangu hapo namba yoyote asiyoijua ikimpigia anajibu, "Timo, acha ujinga," anakata.

Bado harusi moja, Jumamosi, siku mbili kabla ya spana. Tarsis wa Kitandililo anamuoa Lidia wa kijiji hichohicho, ndoa Njombe mjini, na kamati ilishalikodi Korongo libebe bibi harusi. Mjomba alilisugua mpaka unajiona meno. Akaniambia, "Timo, hii ndiyo kuagana. Leo usinifanyie mambo yako."

Nikaapa.

Tumefika Kitandililo saa mbili asubuhi, ukungu umekaa juu ya mahindi, tunamkuta Edson, mwenyekiti wa kamati, amesimama karibu na gari jeusi la juu. Lilishafungwa maua.

"Mzee Joackim, samahani sana," Edson akasema huku anaangalia viatu vyake. "Kuna ndugu katoka Dar na hili. Bibi harusi amelipenda. Lakini lako halikosi kazi, litabeba keki."

Mjomba akageukia Korongo lake. "Keki siyo mbaya," akasema.

Rosemary, mwenye keki, akatoka ndani. Akazunguka Korongo, akachuchumaa, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati ya tumbo la gari na ardhi. "Keki yangu ina ghorofa tatu," akasema. "Humu itafika uji."

Jamani, gari la Ulaya, viti vya ngozi, limekataliwa na keki. Mjomba akaingia ndani ya gari akafunga mlango, akashika usukani, hajawasha. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Hapo ndipo nikasikia kelele upande wa kosta, basi dogo la kubeba wazee. Bibi Oktavia, bibi yake Tarsis, miaka themanini na kitu, magoti yameshastaafu. Wanaume watatu wanampandisha: mmoja anavuta, wawili wanasukuma. Wakaona haiwezekani, wakamhamishia kwenye lile jeusi. Ngazi yake inamfika bibi kiunoni.

"Niacheni!" akafoka. "Mimi ni gunia la lumbesa? Nendeni na harusi yenu, mimi nabaki na kuku."

Nikafungua mlango wa nyuma wa Korongo, nikamsalimia Kibena. "Kamwene, bibi. Hebu geuka, nipe mgongo. Sasa kaa tu kama unakaa kwenye kigoda chako."

Akageuka, akakaa, nikamwingizia miguu. Basi. Hakuna aliyesukuma. Mjomba akawasha gari na hita. Bibi akanyoosha vidole mbele ya ile pumzi ya moto.

"Hee! Kumbe humu jua limeshachomoza?"

Mjomba akageuka kumwangalia. Nikaona kitu kinarudi usoni mwake.

"Lakini mimi nitakaa huku nyuma ya msafara na masufuria?" bibi akauliza. "Tarsis ni mume wangu tangu yuko mgongoni. Leo anaoa mke mdogo, mimi mke mkubwa sijaagwa, sijapewa hata upande wa kanga!"

Huo ni utani wa bibi na mjukuu, kila nyumba kwetu upo. Ila mimi, nilivyoumbwa, nikisikia utani mikono inawasha. Nikachana katoni ya soda, nikaomba makapeni, ile kalamu nene, kwa watoto, nikaandika MKE MKUBWA, nikaifunga puani chini ya korongo. Niliapa, najua. Mjomba aliiona. Akatazama kibao, akatazama bibi anavyocheka mpaka lile jino lake moja linaonekana.

"Funga vizuri," akasema, "isije ikapeperuka Mtwango."

Bibi akaamuru tutangulie. Edson akapunga mikono barabarani kutuzuia, bibi akashusha kioo: "Wewe Edson, mke mkubwa anafuata nyuma wapi? Kwenu?" Edson akasogea.

Kilomita sitini hizo sitazisahau. Stendi ya Njombe wauza parachichi waliacha ndoo zao wakapiga vigelegele. Bodaboda wakatufuata wanapiga honi. Bibi anapunga mkono kama askofu. Lile gari jeusi lilikuwa nyuma yetu na hakuna aliyekuwa analitazama.

Kanisani bibi akagoma kushuka.

"Mke mdogo aje anisalimie kwanza."

Padri katoka mlangoni, kamati inatokwa jasho kwenye baridi, Edson ananiangalia kama anataka kunila. Lidia akashuka kule juu, watu wanne wamemshikia gauni, akaja mpaka kwenye mlango wa Korongo, akapiga goti na shela yake.

"Kamwene, dada mkubwa. Naomba tuishi vizuri. Wewe utampikia ugali, mimi nitaosha vyombo."

"Ugali hali mwingi, ila usimpe maharage usiku," bibi akajibu. "Nipe mkono."

Lidia akamvisha kitenge mabegani, bibi akashuka mwenyewe, wakaingia kanisani wameshikana. Padri alikuwa anafuta macho. Kila simu pale ilikuwa inarekodi.

Sawa. Jumapili ikapita. Jumatatu asubuhi Emanuel kaja, kapanga spana kwenye gunia. Mjomba anatoa vitu vyake kwenye gari kimojakimoja: rozari, kitana, picha ya Mama Jeni wakati bado anacheka. Simu yake inaita. "Timo, acha ujinga," anakata. Inaita. "Timo, nimesema!" Anakata.

"Mjomba, mimi niko hapa," nikasema. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kiazi mdomoni.

"Umempa rafiki yako."

Ilipoita mara ya tano Mama Jeni akachoka, akaipokea yeye. Akasikiliza. Ghafla akaanza kujibu Kikinga, mbiombio, anacheka. Yeye kwao ni Bulongwa. Alipomaliza alifunika simu kwa kiganja.

"Joackim. Ni mama mmoja wa kwetu, mjukuu wake anaoa mwezi ujao. Ameona video ya Bibi Oktavia akilisifu gari, namba kapewa na kamati. Anataka gari la mke mkubwa, lile lenye jua ndani. Anasema umemwita Timo mara nne."

"Ni Timo huyo."

"Timo hajui Kikinga hata cha kuombea maji!"

Kweli sijui.

Mjomba akakaa kwenye ngazi ya banda. Simu ikaita tena, Mama Jeni akaipokea, akaniashiria nilete kalamu. Mpaka saa nne tulikuwa tumeandika bibi saba, mmoja wa Ludewa. Emanuel akafunga spana zake taratibu. Akakohoa.

"Mzee," akasema, "na mimi mama yangu ana magoti."

"Utaandikwa wa nane," Mama Jeni akamjibu. "Lakini kwanza nisaidie magunia, yameshafika uani."

"Yanakwenda wapi? Banda si lina gari?"

"Sebuleni."

Ndiko yaliko mpaka leo. Taarifa ya habari tunaangalia tukiwa tumekalia viazi. Juzi simu imeita, nikaipokea mimi, ni Bibi Oktavia.

"Mwambie Joackim Jumapili aje anichukue."

"Kuna harusi gani, bibi?"

"Harusi ya nini? Nakwenda misa. Na kile kibao asikitoe."