Plasta ya Aoko

Nimelala kwenye stendi za basi kutoka Busia mpaka Kericho, nimekula vya kuliwa na visivyolika. Kilichonitapisha nilikikuta Kaloleni, kwa mdogo wangu Ondiek. Mjukuu wake Aoko, wa miaka mitano, alikuwa na plasta jichoni, nyeusi kwa jasho, inanuka omena, wale dagaa wa ziwani.

Tena jicho la kushoto!

Mwezi wa kwanza nilimpeleka kliniki mwenyewe, Ondiek akiwepo. Daktari Janice alisema jicho la kushoto limekuwa vivu. Kule kisogoni, ndani ya ubongo, kuna kama shamba la vipande: kipande cha jicho hili, kipande cha lile, tena hili, tena lile. Paka hivyo hivyo, tumbili pia. Panya hana vipande. Kwake ni kama chakula cha nyoyo tu, mahindi na maharagwe yaliyochanganywa kwenye sufuria moja.

"Mtoto asipolima kipande kimoja," akasema, "jirani anasogeza mpaka. Zibeni jicho zima, la kulia, hili vivu lilazimike kulima. Akishakuwa mkubwa, mpaka hausogei tena."

Nikaondoka zangu. Nilirudi mwezi wa nane.

"Ondiek, umeziba jicho vivu."

"Sasa niache bovu wazi nizibe zima? Nilipoziba zima alikuwa anajigonga milangoni kama mlevi. Kanisani wakanicheka."

"Daktari alisema nini?"

"Wewe jawuoth, mtu wa barabara, utanifundisha kulea?"

Nilitoka nje nikatema mate. Kule kwetu Seme, kila niliposafiri, huyu Ondiek alikuwa anang'oa minyaa ya mpaka na kuipanda upande wangu, hadi shamba langu likabaki upana wa kaburi.

Nikarudi ndani. "Mambo ya mpaka unayajua kuliko daktari," nikamwambia. "Na ulimsikia vizuri."

Akaangalia dirisha.

Nikabandua plasta. Ilitoka na kope. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, kama kitu kilichoishi chini ya jiwe. Nikachukua mpya kwenye pakiti ya kliniki, nikaziba jicho zima. Mtoto akalia.

"Aoko, unaona nini?"

"Ukungu."

Nikapunga mkono.

"Kuna kitu kinatembea, Kwaro," akasema; ndivyo anavyoniita, babu.

Ondiek akanyoosha mkono aibandue. Nikakaa katikati yao, mfuko wangu nikausukuma chini ya kitanda.

"Kesho utaenda zako tu," akasema. "Nakujua."

"Kesho naenda kliniki na huyu. Halafu narudi hapa hapa."

Nilinawa mara mbili. Harufu ya ile plasta ilibaki vidoleni.