Upande wa Pili wa Moto

Watu wakisikia wake wenza wanafikiria ngumi na waganga. Mimi na Rahma hatukugombania mwanamume hata siku moja. Shabani, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kabichi na karoti zake. Aliyemtaka angemkuta bondeni anamwagilia. Sisi tuligombania udongo. Rahma alitaka ulale mpaka uchoke, mimi nilitaka tuufinyange mapema. "Haraka yako itatupasulia vyungu, Mwajuma." "Na uvivu wako utatulaza njaa." Tukaenda hivyo hivyo hadi Shabani akafa, Husna wangu akaolewa Muheza, tukabaki vikongwe wawili juu ya kilima hiki cha njia ya Magamba, asubuhi tunanuniana, jioni tunakula sahani moja.

Halafu Rahma naye akaniacha. Kifua, wakati wa baridi ya Julai.

Asiyejua kazi yetu atasema namlilia mwenzangu tu. Namlilia, ndiyo, lakini sikiliza. Chungu cha mboga nachoma peke yangu, hata mkono mmoja nimeshika kikombe cha chai. Mtungi wa maji, ule mkubwa unaokaa pembeni ya nyumba na kuyapoza maji, ni kazi ya watu wawili. Ukishaiva unanyanyuliwa ungali mwekundu, kwa miti miwili mirefu, mibichi. Mmoja anasimama upande huu wa moto, mwingine upande ule, mnanyanyua kwa pamoja. Akiwahi mmoja, mdomo wa mtungi unapasuka. Mimi na Rahma hatukuwa na habari ya kuhesabu. Alikuwa ananingoja nivute pumzi, kisha anasema "haya", kwa sauti ya chini, basi. Tangu tumzike sikuwa nimechoma mtungi. Ule wa nyumbani ulipopata ufa nikanunua ndoo ya plastiki. Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema. Mimi hata hilo gae sikuwa nalo.

Usiniambie ningemwita jirani. Jirani ana viazi vyake, na binti yake yuko Lushoto mjini anauza vocha. Husna nilimwomba kwa simu.

"Mama, njoo wewe huku Muheza. Huku kuna joto, magoti yako yatapona."

Nikamwambia magoti yangu hayana neno, kinachonisumbua ni upande wa pili wa moto. Akasema mtandao unakatika. Mtandao wa Muheza unajua wakati wa kukatika.

Nyumba ikawa kimya, nikaanza kuongea na Rahma. Nikizidisha chumvi namsikia: chumvi si mchanga, Mwajuma. Nikichelewa kuamka namsikia. Alikuwa mkali kuliko alipokuwa hai, nami namjibu, tunafika jioni.

Ndipo mtendaji wa kijiji akatusomea tangazo mkutanoni. Chuo cha ufundi kule chini kilikuwa kinatafuta watu waliobobea kwenye kazi zao lakini hawana cheti cha ualimu, wapewe kibali maalumu cha kufundisha. Masharti yalikuwa mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha, kisha somo moja mbele ya mkaguzi. Ukifaulu unaletewa wanafunzi. Nikanyanyua mkono, watu wakacheka.

"Mwalimu Mwajuma, wa darasa la nne," akasema mzee mmoja.

Nikamwambia wa darasa la nne anayefanya kazi anamzidi wa darasa la saba anayekaa kibarazani. Ualimu wenyewe sikuutaka. Nilitaka wasichana. Nilitaka hata mmoja tu asimame pale alipokuwa anasimama Rahma.

Mafunzoni nilikuwa na seremala mmoja na bwana mwingine anayebebesha miche ya plamsi, anaunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, wote mafundi wa kuaminika, wote tunatoa jasho tukishika kalamu. Aliyetufundisha ni Bi. Eliza, dada mdogo mwenye subira ya ajabu. Alinifundisha jambo moja lililonitesa kuliko yote: msichana akikosea, niweke mikono yangu nyuma nimwambie kwa mdomo. Mimi nimezoea kumpokonya mtu udongo nikamalizia mwenyewe. Bi. Eliza alisema kweli, na nilimwambia hivyo.

Tuligombana kwenye andalio la somo tu. Hiyo ni karatasi unayoandika utafundisha nini na mwisho wa somo kitaonekana nini. Nikasema andika mtungi mkubwa.

"Bibi, andika chungu kidogo," akasema. "Mkaguzi anapima kilichoandikwa hapa. Ukisema mtungi, lazima mwisho wa somo auone mtungi mzima. Ukivunjika, hakuna kibali."

"Nimekusikia."

"Kwa hiyo tuandike chungu?"

"Andika mtungi."

Ukaidi nimezaliwa nao. Vyungu vidogo nilikuwa navyo tele nyumbani. Sikushuka mlima ule wote kwa ajili ya chungu kidogo.

Chuo nilikiomba kitu kimoja, waniletee wasichana peke yao. Kwetu udongo ni wa wanawake. Nilipokea hivyo kwa mama yangu, naye kwa mama yake. Mwanamume hakaribii unapofinyangwa, na motoni ndiyo kabisa. Akiugusa mtungi wa motoni, unavunjwa palepale, hauingii nyumba ya mtu. Siku moja Shabani aliona mvua inakuja, akatufunikia vyungu kwa majani ya mgomba, maskini, akidhani anatusaidia. Rahma alivivunja vyote mbele yake huku analia. Shabani akaviomba radhi vile vigae, kimoja kimoja. Tulicheka baadaye, lakini hakuna aliyesema Rahma amekosea.

Wasichana wakaja. Aliyeshika kazi upesi ni Fatuma, mrefu, mabega mapana, mkono mtulivu. Nilipomwona anazunguka mtungi akiulainisha kwa bunzi la hindi, hatembei mbele, anakwenda kinyumenyume kama inavyotakiwa, moyo wangu ulifurahi mpaka nikaona haya. Nikasema huyu ndiye. Usiku wake nilimwambia Rahma, amepatikana. Akaniambia nisishangilie kabla ya moto.

Siku ya ukaguzi tulitandaza magome makavu na mbolea ya ng'ombe uwanjani, nyuma ya karakana. Nilikuwa nimeambiwa mkaguzi ni mama. Akaja mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, faili kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa na mkaguzi?"

"Mkaguzi anaumwa. Nimekuja mimi badala yake, naitwa Silvano." Akautazama moto, akarudi hatua bila kuambiwa. "Mimi ni mtu wa Rangwi, mama. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Nionyeshe tu nikae wapi."

Nikamwonyesha nyuma ya ua wa masale. Akaenda akasimama huko, faili mkononi, kichwa kinaonekana juu ya majani. Nikamshukuru moyoni. Nikaanza somo.

Nilifundisha vizuri. Nalisema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Mikono yangu ilikaa nyuma. Nikawaambia wasichana waangalie rangi, wasiangalie saa. Nikawaambia mtungi ukiiva unang'aa sawasawa toka chini hadi mdomoni, hauna baka. Walikuwa wananiuliza na mimi nawajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Julai ile, sauti yangu ilikuwa inarudi pamoja na sauti ya mtu mwingine.

Ukaiva. Nikashika mti wangu, Fatuma akashika wake, akasimama upande ule. Nikavuta pumzi. Tukanyanyua, na kwa kitambo kidogo uzito ukagawanyika, nusu kwangu nusu kwake, nikausikia mgongoni kama zamani.

Upepo wa Magamba ukageuka. Moshi wote ukamwingia Fatuma machoni, akaachia mti.

Mtungi ukainama. Mimi nimeushika upande mmoja, siwezi kuushusha, siwezi kuupandisha. Nilichosikia ni masale yakivunjika. Silvano alikuwa ameshauokota mti wa Fatuma na kuuingiza chini ya mdomo wa mtungi. Hakusema moja, mbili. Aliningoja nivute pumzi.

"Haya," akasema, kwa sauti ya chini.

Tukaunyanyua, tukauweka kwenye majivu. Mzima. Hauna hata ufa wa unywele.

Fatuma alikuwa anafuta machozi, sijui ya moshi au ya aibu. Wasichana wengine, waliousikia mwiko huo kwa bibi zao, walikuwa wananitazama mimi, hawautazami mtungi. Silvano aliuweka mti chini polepole.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye migomba. Nilikuwa najificha, mama. Utoto wangu wote nilikuwa nachungulia upande ule wa pili. Mama yangu sikuwahi kumwambia."

Nilikuwa nimemtafuta mtu huyu nyumba kwa nyumba, chuo kizima, na simu hadi Muheza. Na mtu mwenyewe alikuwa ndiye asiyeruhusiwa. Nikakasirika, sijui namkasirikia nani. Nikaushika mti wangu vizuri nikausogelea mtungi.

"Vunja, mama," akasema Silvano. "Sheria naijua, sikuzuii. Nilikosea kuvuka. Ila mimi nitaandika nilichokiona, na nitakuwa nimeona vigae."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo Bi. Eliza alishaniambia.

Nikamsikia Rahma: gonga, Mwajuma, ungali wa moto. Mti nikaunyanyua. Wasichana wakarudi nyuma. Hapo nikauona mlango wangu, na ndoo ya plastiki, na kikombe kimoja juu ya meza, na jioni inayoanza saa tisa kwa ajili ya ukungu. Nikaogopa. Sikumwogopa mama yangu wala wazee waliotangulia. Niliogopa kurudi kule ndani. Rahma akarudia: gonga.

Nikaushusha mti.

"Andika mtungi mzima," nikasema.

Silvano akarudi nyuma ya masale kuandika. Alipoaga hakunipa mkono. Alisema "shikamoo" tena, kama vile ndiyo kwanza anafika, akaondoka.

Kibali kimekuja, kina picha yangu nimekunja uso. Chuoni naitwa Mwalimu, na yule mzee wa mkutanoni ananisalimu kwa adabu. Fatuma hakukata tamaa. Sasa anakaa upande wa pili wa moto na haachii hata moshi ukimlenga yeye peke yake. Ila yeye anahesabu. Moja, mbili, tatu, nyanyua, kwa sauti, ndivyo wanavyofundishwa karakana zote. Sijamkataza. Mitungi yake inatoka mizima, na Ijumaa mchana anaweka mti chini, anafunga ushungi wake vizuri, anarudi kwao na wenzake, na mimi napanda kilima kama siku zote.

Mtungi ule nilikabidhiwa, ukaletwa hadi hapa na bodaboda, umefungwa kwenye blanketi. Kuuvunja sikuuvunja, na kuuingiza ndani siwezi, hilo limenishinda. Umekaa nje karibu na mlango. Mvua inaujaza, maji yake ni baridi na matamu, na ndani naendelea kunywa ya ndoo.

Na Rahma amenyamaza. Tangu siku ile sijamsikia. Nimezidisha chumvi makusudi, hakuna. Nimelala hadi jua likatoka, hakuna. Nilijinunulia watu wa kunizungumzisha Jumatatu hadi Ijumaa, na bei ilikuwa yeye.

Kila jioni natoa kigoda nakaa pembeni ya mtungi, nimejitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi. Husna akipiga simu ananiuliza kwa nini nakaa nje na ukungu wote huu. Namwambia napunga hewa. Namtajia Rahma makosa yangu, nasubiri anijibu, hata kwa tusi. Ukungu unashuka toka msituni, unaficha migomba, kisha unaficha njia. Mtungi hauingii ndani. Basi mimi ndiye ninayetoka.