Barua Yenye Amri Ndani

Wivu haukumwacha Priscah hata anywe chai. Kila alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta yake ofisini alimwona Kimeli, mchumba wake, ameinamia meza ya Maryam, binti wa Mzee Osman mwenye duka la vitambaa, wakinong'onezana chini ya picha ya Rais. Na Jumamosi wazee wa kina Kimeli wangefika kwao Yamumbi kumposa! Angewaitikiaje na roho inamchoma hivi?

Dawa alikuwa nayo. Mwaka huo wa tisini kampuni yao ya mbegu ilikuwa imeleta kompyuta, na wafanyakazi wakawa wanaandikiana barua kwenye skrini. Priscah ndiye aliyegundua udhaifu wake: mashine haikujua kutofautisha maneno ya kusomwa na amri ya kutekelezwa. Ukificha amri ndani ya barua, anayeifungua anaitekeleza bila habari. Basi akamwandikia Kimeli barua tamu, na chini yake akaficha amri: nakala za barua zote ulizoandika zije kwangu.

Kimeli akafungua. Zikaja. Kwa Maryam alikuwa ameandika yale yale kila mara: "Imefika ingine. Nisaidie."

Amsaidie nini? Priscah aliona giza. Kabla hajainuka kwenda kumtolea mtu maneno, zikaanza kuingia barua za Maryam. Lakini yeye hakuwa amemtegea Maryam barua yoyote! Kumbe Kimeli alikuwa amempelekea ile barua ya mapenzi nzima nzima, na mtego ndani, kama alivyompelekea zote za awali, naye Maryam akaifungua.

Akazisoma. "Mjibu hivi: ukicheka, hata mvua ya Eldoret inangoja umalize." Maneno hayo Priscah alikuwa ameyakariri, ndiyo yaliyomfanya akubali kuchumbiwa. Yote yalikuwa ya Maryam. Na ya jana jioni ilisema: "Ijayo mwandikie mwenyewe, Kimeli. Nimechoka kukupendea mtu."

Wivu ukamrudia, mkali kuliko wa kwanza, na safari hii hakujua amwonee nani.

Kimeli akaja mezani pake, meno yote nje. "Priscah, zile barua zangu, Mama anataka kuzisikia Jumamosi."

"Zako ni zipi, Kimeli?"

Kimeli akageuka kumtazama Maryam, akingoja aambiwe la kujibu.