Nguo za Kusimama Mbele ya Buldoza

Tangu utotoni walimwita Kipimo, kwa sababu hakuweza kumtazama mtu bila kumpima kwa macho. Mgeni alipoingia sebuleni, kabla hajakaa mtoto alikuwa ameshamwambia, "Bega lako la kushoto limeshuka, ndiyo maana koti linakuvuta." Mama yake aliona haya mara nyingi. Baadaye Kipimo akaenda chuo, akasomea ubunifu wa mavazi, akavalisha michezo ya jukwaani na filamu za hapa nchini miaka nenda miaka rudi, na jina la utani likageuka kuwa jina la kazi.

Kwa hiyo kampuni ya filamu ya kigeni ilipokuja kupiga picha mjini na kuulizia mbunifu wa hapahapa, kila aliyeulizwa alimtaja yeye. Filamu ilimhusu mwandishi wa habari aliyetoka mbali akashuhudia mtaa wa zamani ukibomolewa. Kazi ya Kipimo ilikuwa kuwavalisha watu wa umati, wale wakazi ambao katika tukio kubwa wanatoka majumbani mwao na kusimama mbele ya buldoza. Mkataba ulisema waziwazi kwamba mbunifu ni yeye.

Hakuhitaji kwenda mbali kutafuta namna ya kuwavalisha. Shangazi yake alikuwa amesimama mbele ya buldoza la kweli, enzi za ujana wake, siku mtaa wao wenyewe ulipobomolewa. Kipimo alimfuata jikoni, akamuuliza walivaa nini siku ile.

"Tulivaa nini?" Shangazi akaacha kisu kwenye ubao. "Tulipendeza, mwanangu! Baba yako alivaa suti aliyoolea. Mimi nilivaa gauni la bluu na viatu vya kisigino, kisigino kimoja kikazama kwenye tope. Pasi ilikuwa moja, ikazunguka nyumba kwa nyumba mpaka kila mtu akanyoosha nguo yake. Tulisema, wakitaka kutukanyaga, basi wajue wanamkanyaga nani."

Kipimo alitoka pale na maneno hayo kifuani. Yeye na dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyekuwa mshirika wake dukani, walifungua karakana katika ukumbi wa kukodi wenye madirisha mapana. Walikata, wakashona, wakapiga pasi. Walitia bitana kwenye makoti ambayo hakuna kamera ingeyafungua ndani. Dada alipolalamika kwamba hiyo ni kazi bure, Kipimo alimjibu, "Aliyevaa atajua." Wakaajiriwa majirani kuwa umati, na wa kwanza kujiandikisha alikuwa Shangazi mwenyewe.

Siku chache kabla ya kupiga picha akaja mkuu wa mavazi wa kampuni, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alipita polepole kati ya vyuma vya kutundikia nguo, akageuza mapindo, akaisifu kola moja mpaka Dada akatabasamu. Kisha akafungua sanduku alilokuja nalo, akatoa msasa na brashi za waya.

"Nzuri sana," akasema kwa lugha yake. "Sasa zichakazeni. Chaneni viwiko, zichovyeni kwenye chai, zipakeni vumbi. Nataka zote ziwe na rangi ya udongo."

"Kwa nini?" akauliza Kipimo.

"Mtazamaji wetu yuko mbali. Lazima ajue mara moja kwamba watu hawa wanaonewa."

"Mtu anaweza kuonewa akiwa amepiga pasi."

Mkuu akavaa miwani, akaivua tena. "Nakuelewa. Lakini mwongozaji ana picha yake kichwani, na mimi nimetumwa kuileta. Wewe tumekuajiri kwa sababu ni mtu wa hapa."

"Mmeniajiri kwa sababu ni mtu wa hapa, na sasa mnataka nivalishe kama mtu asiyewahi kufika hapa. Brashi hiyo mimi siishiki."

"Basi atashika mwingine," akasema mkuu, bila kupandisha sauti. Jioni ile wasaidizi wake walileta mizigo ya matambara yaliyokwisha kuchakazwa, wakayatundika upande wa pili wa ukumbi.

Walipobaki wawili, Dada alimgeukia mdogo wake.

"Wewe na kiburi chako! Nusu ya mtaa imepata kibarua kupitia kwako. Wakitimuliwa utawaambia nini? Kwamba kola ilikaa vizuri?"

"Nitawaambia ukweli."

"Ukweli hauingii chunguni."

"Dada, nikwambie umvike Shangazi lile gunia, utamvika?"

Dada alikanyaga cherehani, akashona mshono uleule mara ya pili, akaufumua.

Asubuhi ya kupiga picha watu wa umati walifika ukumbini kuvaa. Kipimo alipanda juu ya kiti, kwa kuwa alikuwa mfupi.

"Jamani, nisikilizeni. Huku kuna nguo nilizowashonea mimi na dada yangu. Kule kuna matambara wanayotaka wenye filamu. Mkivaa za huku, huenda mkafukuzwa, na mimi sina uwezo wa kuwazuia wasiwafukuze. Anayetaka ya kule aende, hakuna wa kumnyooshea kidole. Ila mimi kwa mkono wangu sitamvika mtu tambara."

Fundi baiskeli wa kona ndiye aliyetangulia. "Mimi naenda kule," akasema. "Nina watoto. Na matambara nimeyazoea, hata nyumbani ninayo." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini alivaa akiwa ameupa ukuta uso.

Shangazi hakungoja kuulizwa. Alichukua gauni la bluu, akaenda nyuma ya pazia, akatoka akidai zipu ipandishwe. Akafuata mwalimu mstaafu, akachukua suti. Wakafuata akina mama wawili, halafu kundi zima likasogea, kila mtu akitafuta nguo yenye jina lake. Dada, ambaye mpaka hapo alikuwa amekunja mikono, akachukua pasi na kuanza kunyoosha kola za watu zikiwa shingoni mwao.

"Utaniunguza!" akapiga kelele mwalimu.

"Basi simama wima!"

Walipotokea mtaani, mkuu wa mavazi alishika kichwa. Mwongozaji, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya jua, alitazama umati, akatazama buldoza lililokuwa linanguruma, akatazama jua. Muda wa kuwabadilisha watu wote wale haukuwapo. Mkuu akamwendea Kipimo.

"Kazi yako imeisha," akamwambia.

"Imeisha, ndiyo," akasema Kipimo, akaonyesha mtaa kwa kidevu. "Itazame."

Mlinzi alimwongoza nje ya kamba iliyozungushiwa eneo la kupigia picha. Hakwenda mbali zaidi ya hapo. Alisimama na pini zake mdomoni, akaona kwamba fundi baiskeli amejitenga pembeni na matambara yake, peke yake katikati ya watu waliopendeza. Shangazi naye alimwona. Akamwendea, akamshika mkono.

"Njoo usimame na mimi," akamwambia. "Hata siku ile walikuwepo waliokuja na walichonacho. Nao walisimama."

Agizo lilikuwa kwamba filimbi ikilia, umati ukimbie huku ukipiga mayowe. Filimbi ikalia. Buldoza likasogea. Shangazi akabaki palepale, mkono wa fundi baiskeli kwapani mwake. "Sikukimbia wakati wa kweli," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kamba, "nije nikimbie leo kwenye maigizo?" Waliokuwa wameinua mguu wakaurudisha chini. Dereva wa buldoza akakanyaga breki, mashine ikatikisika na kusimama karibu yao, vumbi likatua juu ya mabega ya suti. Hakuna aliyejipangusa.

Mwongozaji alikuwa ameinua mkono kuwazuia wapiga picha wasizime kamera. Aliuacha juu muda mrefu. Alipoondoka hakumtazama Kipimo wala mkuu wa mavazi.

Watu walilipwa kibarua cha siku hiyo na hawakuitwa tena. Wengine walimnunia Kipimo kwa muda, mmoja alimwambia usoni kwamba kamkosesha riziki, naye alimsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Makampuni mengine yalimpigia simu baadaye. Alikuwa akiwauliza kwanza, "Mnataka mbunifu, au mnataka mkono wa kushika brashi?" Baadhi walikata simu. Waliobaki alifanya nao kazi.

Filamu ilipofika kwenye sinema ya mjini, mtaa mzima ulikwenda. Sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na matambara yaliyopigwa picha mahali pengine, na watu walisonya. Halafu likaja lile tukio. Halikuwa refu, lakini misonyo ilikoma, kwa maana pale juu walisimama watu wanaojulikana, wamenyooka, na buldoza lilikuwa dogo mbele yao.

Mwishoni majina yakaanza kupanda. Lilipita la mwongozaji, likapita la mkuu wa mavazi, yakapita ya madereva na wapishi. La Kipimo halikuwamo. Yeye alikuwa ameshalitarajia hilo. Alichukua mkoba wake, akainuka. Dada akamvuta akae, akasimama yeye, akapanda juu ya kiti na viatu vyake.

"Wameruka jina!" akapaza sauti. "Nguo zile alibuni mdogo wangu, huyu hapa! Nilimkataza, akakataa!"

Watu wakageuka. Taa zikawaka. Mfanyakazi wa sinema akaja akiwaomba watoke, maana kuna onyesho jingine, na Shangazi akamwambia akae chini angoje, bado wanapiga makofi.